Daraja la Toleo la Pili

"Mjomba, lile la pili lilikuwa takataka,"
anasema Tsongo, macho hayabanduki kwenye kioo.
Anacheza toleo la tisa. Farasi anatoka jasho.
Mto una kina, una samaki, una kivuli cha wingu,
na shujaa akichoka huhema kwa sauti
kuliko jenereta yangu pale nje, juu ya jiwe jeusi.

Sibishani. Takataka, ndiyo.
Milima ilikuwa pembetatu tatu za kijani.
Mkono wa shujaa haukuwa na vidole,
upanga ulimganda kiganjani kama kijiko kwenye fufu baridi.
Ukifika mwisho wa dunia, dunia ilikwisha kweli:
ukuta wa kijivu, bila hata aibu.
Jina lilipewa herufi nne.
Kaka yangu Muhindo aliitwa MUHI.
Mimi, mdogo, sikuitwa;
nilishika waya usichomoke.

Na diski yenyewe, ya kunakili, kutoka soko la Virunga,
ilifungwa kwa gazeti kama karanga,
maneno yote ya Kijapani.
Birere nzima hakuna aliyejua kuyasoma.
Basi Muhindo akayasoma.
Mfalme akifungua kinywa: "Anasema
ghala la chumvi limeibwa na shangazi zake."
Mchawi: "Anadai deni la sambaza, tangu juzi."
Nilitunza hesabu ya deni lile kwenye daftari la shule.

La tisa linasema Kifaransa safi.
Lina mshale wa njano wa kukuonyesha pa kwenda,
na mfalme, kumbe, ana huzuni za kawaida:
kodi, mrithi, mpaka.
Niliwatamani wale shangazi.

Si kwamba la zamani ni bora.
Wenye umri wangu husema hivyo kwa mdomo ule ule
unaosema mvua zamani ilijua saa yake.
La tisa hujihifadhi lenyewe; umeme ukikatika
hupotezi hata hatua.
Sisi, umeme ulimeza siku tatu za Muhindo jioni moja.
Hakulia. Alitoka, akapiga teke ukuta,
akarudi akichechemea,
akaanza tena kwenye kijiji cha kwanza.

Ila leo Tsongo amefika darajani.
Nalijua daraja hilo. Wamelijenga upya,
kila ubao na ufa wake, kamba zinayumba,
mlinzi ni yule yule, sasa ana makunyanzi.

Mwaka wa lava tulikimbia na mashine
ndani ya sufuria ya mama, kifuniko juu.
Tulilala Keshero kwa mama mdogo, tisa chumba kimoja,
nyumba yetu ikiwa chini ya mawe
ambayo mvua ikinyesha bado yalifuka moshi.
Huko ndiko tulikofika darajani.
Mlinzi akasema neno moja refu.
Anasemaje? nikauliza.
Muhindo hakusita:
"Anasema, pita, mwanangu. Ila pita kandokando."
Tukambana shujaa kwenye ukingo, tukasukuma, tukasukuma,
picha ikachanika kidogo,
akapenya.

Sasa maneno yanatokea chini ya kioo, meupe, yametulia:
Daraja limefungwa. Rudi kwenu.

Tsongo anajaribu kandokando, kwa kuwa nimemwomba.
Mara kumi. Mara kumi na tano. Ukingo ni mgumu.
"Walishapatengeneza, mjomba," anasema polepole,
kama mtu aliyekuja matangani.

Usiku nampigia Muhindo, yuko Butembo,
anauza vipuri vya pikipiki.
Namwambia mlinzi alisema nini hasa.
Kimya. Halafu kicheko, halafu mtandao unakatika,
unarudi katikati ya sentensi:
"...mara tatu siku ile uliniuliza
kama tutarudi nyumbani.
Sasa ningekusomea nini?"